Paka Anapougua Sana: Mwongozo Kamili wa Kumwelewa na Kumuuguza kwa Wafugaji wa Kigoma

Paka huficha ugonjwa. Ataendelea kuja jikoni ukipaa samaki, ataendelea kujilaza kwenye kibaraza asubuhi, na huku figo zimeshachoka. Siku unaposema "huyu leo hayuko sawa", mara nyingi ugonjwa una wiki kadhaa, pengine miezi. Watu husema paka ana roho ngumu, kisha wanashangaa amekufa ghafla. Kwa kawaida hakufa ghafla. Aliumwa muda mrefu, na nyumbani hapakuwa na aliyekuwa anapima.

Kwetu Kigoma kupima kuna uzito zaidi. Daktari wa mifugo tuliyenaye amezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, maana wenye mifugo hiyo ndio wanaomwita. Maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) ya Kanda ya Magharibi iko Tabora, na hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro. Eksirei ya paka huipati kila mtaa. Kwa hiyo maelezo utakayompa daktari, yakiwa na tarehe na vipimo, yanabeba sehemu kubwa ya matibabu. Hapa nimeandika namna ya kuyapata, magonjwa yenyewe yanavyokwenda, na kazi ya kila siku ya kumlea paka ambaye hatapona kabisa lakini anaweza kuishi vizuri.

Hatua ya kwanza: mpime angali mzima

Tafuta daftari. Andika jina la paka, umri unaoujua au unaoukadiria, na tarehe za chanjo. Kisha mpime uzito mara moja kwa mwezi. Mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia dagaa pale Kibirizi, inatosha: tandika kitenge ndani ya kikapu, mweke paka, funika, ning'iniza, soma, halafu toa uzito wa kikapu. Paka wengi wa mtaani kwetu wana kilo 3 hadi 4 na nusu. Paka wa kilo 4 akipungua nusu kilo, ni kama mtu wa kilo 64 aliyepungua kilo 8. Kwa macho hutaona, hasa akiwa na manyoya mengi, ila mizani itakuonyesha.

Hesabu pumzi akiwa amelala usingizi. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Kwa dakika nzima usipate zaidi ya 30. Ukipata 35 au 40 siku mbili mfululizo, huenda moyo au mapafu yana shida, hata kama anakula. Paka kuhema mdomo wazi kama mbwa ni hatari, hata katika joto la Oktoba.

Mfunue mdomo uone fizi. Zinatakiwa ziwe na rangi ya waridi. Nyeupe ni upungufu wa damu au mshtuko, njano ni ini au damu inayovunjika, kahawia mara nyingi ni sumu, na bluu maana yake hewa haimtoshi. Joto la mwili, likipimwa njia ya haja kubwa kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta, ni kati ya 38 na 39.2. Likishuka chini ya 37.5 usisubiri.

Maji nayo yapime. Mimina kwa kikombe chenye alama asubuhi, pima yaliyobaki kesho yake. Paka akinywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya mwili kwa siku (yaani paka wa kilo 4 akimaliza karibu nusu lita) ana ugonjwa, na ugonjwa huo unatafutika.

Paka wetu wengi hujisaidia nje, hivyo mkojo na kinyesi hatuvioni. Akianza kuumwa mfungie ndani na umwekee beseni la mchanga laini wa ziwani. Zoa kila siku bila kukosa. Vijidudu vya toksoplasma vinavyotoka kwenye kinyesi huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo beseni linalozolewa kila siku lina nafasi ndogo sana ya kuleta madhara. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo, au avae glavu na kunawa vizuri.

Hatua ya pili: zijue ishara zisizosubiri kesho

Ya kwanza ni dume asiyeweza kukojoa. Hii naieleza kwa kirefu kwa sababu inaua paka wengi na karibu kila mara watu huikosea. Jirani yangu wa Gungu aliwahi kuniita akiwa na kijiko cha mawese mkononi. Dume lake lilikuwa linachuchumaa kila pembe, linajikamua, linalia, linajilamba sehemu za siri. "Amefunga choo, nataka nimlainishe," akasema. Nikamwambia, "Shangazi, huyu hajafunga choo, amefunga mkojo. Mshike hapa tumboni taratibu." Mbele ya miguu ya nyuma palikuwa na kitu cha mviringo, kigumu, ukubwa wa limau. Kilikuwa kibofu kilichojaa.

Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno. Fuwele, ute au uvimbe vikiiziba, mkojo hurudi nyuma, figo husimama, na potasiamu hupanda kwenye damu mpaka moyo unashindwa kupiga. Paka aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Usimkamue kibofu kwa mkono, kinaweza kupasuka. Usimnyweshe mawese wala mafuta yoyote kwa nguvu. Yakiingia mapafuni yanaleta nimonia. Mpigie daktari na useme hivi: "Daktari, nina paka dume, hajakojoa tangu jana jioni, kibofu kigumu, anatapika." Maneno hayo yanamwambia aje na mpira mwembamba wa kuzibulia, dawa ya usingizi na dripu. Shangazi alipata daktari usiku uleule na dume lake likazibuliwa. Baada ya kuzibuliwa wengi huziba tena katika siku chache za mwanzo, kwa hiyo endelea kuangalia beseni: uvimbe wa mchanga uliolowa ndio ushahidi wako.

Ya pili ni sumu. Panadol ni sumu kali kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Fizi hugeuka kahawia, uso na miguu huvimba, pumzi inakuwa ya shida. Ibuprofeni na diklofenaki ziweke kundi hilohilo. Dawa za kuogeshea ng'ombe na mbwa, zenye permethrini au amitrazi, usimpake paka kwa ajili ya viroboto hata ukiziyeyusha kwa maji mengi. Permethrini humtetemesha mpaka degedege. Sumu ya panya humfikia kwa kula panya aliyekula sumu. Zile zinazozuia damu kuganda huonekana baada ya siku kadhaa, damu ikitoka puani, kwenye fizi au kwenye kinyesi, na dawa yake ni vitamini K1 kwa wiki kadhaa. Ukishuku sumu, beba kopo au pakiti yake uende nayo. Maziwa hayasafishi sumu, na usimlazimishe kutapika.

Ya tatu: miguu ya nyuma kupooza ghafla huku akilia kwa maumivu, nyayo zikiwa baridi. Hilo ni bonge la damu lililotoka moyoni. Ya nne: kutokula kabisa kwa siku nzima, na hasa siku mbili. Paka, hasa mnene, asipokula mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na hapo unakuwa na ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Na kichaa cha mbwa. Paka anaupata na anautoa. Aliyekuwa mpole akawa anashambulia bila sababu, anatokwa na udenda, anapepesuka, ameumwa na mnyama asiyejulikana, usimuuguze. Mfungie bila kumgusa, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata. Akikuuma au kukuparua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kwa chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna kurudi nyuma. Paka huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu.

Hatua ya tatu: uelewe ugonjwa alionao

Figo ndizo zinazosumbua paka wengi waliovuka miaka kumi. Zina akiba kubwa, kwa hiyo dalili na vipimo vya damu huchelewa: karibu robo tatu ya uwezo huwa imekwenda kabla urea na kreatinini (taka ambazo figo huziondoa kwenye damu) hazijapanda. Paka anakunywa sana, anakojoa sana, anapungua, mdomo unanuka, anatapika povu asubuhi. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kumfikisha mbali, wengine miaka, kama atakunywa vizuri, atakula vizuri na hataongezewa mzigo.

Kisukari huanza vilevile, kiu na mkojo, lakini huyu mwanzoni anakula sana na bado anakonda, na wengine hutembea wakikanyaga kwa vifundo vya nyuma. Kuna njia rahisi ya kuanza kutofautisha hawa wawili. Nunua vijiti vya kupimia mkojo kwenye duka la dawa za binadamu. Msubiri paka achuchumae, penyeza upawa taratibu chini yake kwa nyuma, chovya kijiti. Sukari ikionekana nyingi, mweleze daktari kabla ya kitu kingine. Hofu tu inaweza kupandisha sukari ya paka kwa muda, ndiyo maana kipimo hurudiwa. Insulini huchomwa mara mbili kwa siku, hutunzwa kwenye friji, na bomba lazima liwe la aina inayolingana na insulini yenyewe. Akilegea, akayumba au kutetemeka baada ya sindano, sukari imeshuka mno: mpake asali kwenye fizi, kisha mpigie daktari. Asali ya Tabora au ya Kibondo isikose kwenye nyumba yenye paka wa kisukari.

Paka mzee anayekula kama ana njaa ya mwaka, hatulii, analia usiku na bado anakonda, huenda tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Vidonge vya kila siku huituliza.

Virusi viwili vinatisha watu kwa majina. Kile cha kinga, FIV, kiligunduliwa California mwaka 1986, na wengi hukiita ukimwi wa paka. Hakimwambukizi binadamu, wala mtoto, wala mbwa. Huenea kwa kuumana, ndiyo maana madume wasiohasiwa ndio wanaokipata zaidi. Paka mwenye FIV anaweza kuishi miaka mingi. Mhasi, mweke ndani, vidonda vitibiwe mapema, na asitupwe. Kile cha leukemia (saratani ya damu), FeLV, huenea kwa mate, kulambana, vyombo vya pamoja na kutoka kwa mama kwenda kwa watoto. Hiki ni kizito zaidi na wengi wenye maambukizi ya kudumu hawavuki miaka mitatu baada ya kugundulika. Tenga vyombo vyake na usimchanganye na paka wengine.

FIP (peritonitisi ya kuambukiza ya paka) hutoka kwenye virusi vya korona vya utumbo wa paka, ambavyo wengi wanavyo bila madhara. Kwa wachache, hasa walio chini ya miaka miwili, virusi hubadilika: homa isiyosikia antibiotiki, tumbo linajaa maji ya njano yanayonata. Zamani ilikuwa hukumu ya kifo. Mwaka 2019 Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitangaza matokeo ya dawa ya GS-441524 iliyotolewa kwa wiki 12 au zaidi: kati ya paka 31, walionusurika kwa muda mrefu walikuwa 25. Daktari akikuambia ni FIP, mtajie dawa hiyo kwa jina.

Saratani nitaigusa kwa yale yanayotuhusu sana. Paka mweupe, au mwenye masikio na pua nyeupe, juani kwetu hupata kidonda cha ncha ya sikio kisichopona, chenye gamba linalorudi kila likitoka. Mapema, daktari hukata ncha na mambo huisha. Ukichelewa hula uso. Mzuie asiote jua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kwa jike, papasa chuchu kila mwezi. Kumfunga kizazi kabla ya miezi sita hupunguza hatari ya uvimbe wa matiti kwa takribani asilimia 90, wakati sindano za homoni za kuzuia mimba huiongeza.

Hatua ya nne: chakula, na habari ya samaki

Hapa Kigoma tunajivunia kwamba paka wetu wanakula samaki. Samaki ni chakula kizuri, ila kumlisha samaki peke yake kuna hasara tatu.

Samaki wengi wadogo wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayekula samaki wabichi tu kwa wiki nyingi hukataa chakula, kidevu kinainamia kifuani, mboni zinapanuka, anayumba, kisha degedege. Wengi hudhani amelogwa au ana kichaa. Sindano ya vitamini B1 kutoka kwa daktari hubadilisha hali haraka ikiwahi. Kupika huua kimeng'enya hicho.

Pili, dagaa wakavu wazima, pamoja na mifupa na chumvi yake, wana fosforasi na sodiamu nyingi. Kwa paka mzima kidogo si neno. Kwa paka wa figo, ndicho chakula kibaya kuliko vyote tulivyo navyo, na ndicho anachopewa kila jioni. Mpe minofu ya mgebuka au kuhe iliyochemshwa bila miiba, bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu (vyote viwili huvunja chembe za damu yake), pamoja na ute mweupe wa yai lililopikwa na wali kidogo laini. Lakini akikataa vyote hivyo na kukubali dagaa tu, mpe dagaa. Paka wa figo anayekula kibaya ana siku nyingi kuliko asiyekula.

Tatu, ugali wa muhogo uliomwagiwa mchuzi haumlishi paka. Mwili wake hauwezi kutengeneza taurini ya kutosha. Ikikosekana moyo hutanuka na macho huharibika. Taurini iko kwenye nyama, hasa mioyo ya kuku, na huhamia kwenye maji ya kuchemshia. Kwa hiyo mpe na supu yake. Ini lisizidi kipande kidogo mara moja kwa wiki, maana vitamini A ikizidi hukakamaza mifupa ya shingo.

Mgonjwa asiye na hamu, pasha chakula kifike uvuguvugu wa mwili ili kinuke. Mfute pua kwanza; paka asiyesikia harufu hali.

Hatua ya tano: kumpa dawa na maji bila vita

Tandaza khanga mezani, mweke paka katikati, kunja upande mmoja kisha wa pili, kibaki kichwa. Kaa naye akitazama mbali nawe. Mkono wa kushoto ushike kichwa kwa juu, kwenye mifupa ya mashavu, inua pua kidogo, kidole cha kati cha mkono wa kulia kishushe taya, dondosha kidonge nyuma kabisa ya ulimi. Halafu mfuatishie mililita 5 za maji kwa bomba lisilo na sindano, kupitia pembeni ya mdomo, polepole. Hatua hii ya maji wengi huiruka, na kidonge kikavu, hasa doksisaiklini, hukwama kooni na kuunguza mpaka koo linaziba.

Paka wa figo mara nyingi huandikiwa maji chini ya ngozi. Daktari akuonyeshe mara ya kwanza na akupangie kiasi. Kwa paka wa kilo 4 mara nyingi ni kati ya mililita 100 na 150 za dripu ya Ringer (maji yenye chumvichumvi). Usitumie dripu ya sukari chini ya ngozi, na paka wa moyo asipewe kabisa bila daktari. Tumbukiza chupa kwenye maji ya moto mpaka iwe vuguvugu, ining'inize kwenye msumari wa dirisha, inua ngozi kati ya mabega, ingiza sindano mpya sambamba na mgongo. Atabaki na nundu ya maji inayoteleza kuelekea mguuni. Ndani ya saa kadhaa itanywewa na mwili. Paka wengi wakizoea hulala tu wakisubiri kiishe.

Andika kila kitu daftarini: alichokula, alichotapika, dawa na saa.

Hatua ya sita: kujua amefika wapi

Chora kalenda ya mwezi ukutani. Kila jioni weka alama: siku njema au siku mbaya. Siku njema ni ile aliyokula mwenyewe, akajilamba, akaja ulipo. Kukoroma kwa raha kusikudanganye, paka hukoroma pia akiwa na maumivu makali. Siku mbaya zikizidi njema kwa wiki mbili, na daktari hana kingine cha kubadilisha, zungumza naye waziwazi kuhusu sindano ya kumpumzisha. Mwombe ampe kwanza dawa ya usingizi. Wapo wanaoona ni dhambi, wapo wanaoona kumwacha afe kwa njaa pembeni ndiyo dhambi. Wengi Ujiji wanaijua hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Kaeni nyumbani mkubaliane kabla siku haijafika, na watoto waambiwe ukweli.

Fedha zikiwa haba mwambie daktari mapema. Ataje kipi kinamwondolea paka maumivu na kipi ni cha kuthibitisha jina la ugonjwa tu, mchague pamoja.

Akifa, mfukie kina cha mita moja, mbali na kisima na mwambao. Akiwa amekufa kwa kutapika na kuharisha akiwa mdogo, huenda ni panleukopenia, na virusi vyake hukaa ndani ya nyumba hata mwaka mzima. Choma matandiko, osha sakafu na vyombo kwa sabuni kwanza, kisha mililita 50 za jiki katika lita moja ya maji, uache dakika 10 ndipo usuuze. Usilete mtoto wa paka mwingine mpaka awe amechanjwa: chanjo ya kwanza wiki ya 6 hadi 8, kurudia kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, na wiki mbili za kusubiri baada ya hapo.